Uzi: That Thing You Do! (1996) – wimbo ni wa aliyeutunga au wa aliyeukimbiza?

Kasiki la Santuri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Huu ni uzi wa wapenzi wa muvi za muziki zenye harufu ya zamani, na hasa ile aliyoiongoza Tom Hanks, That Thing You Do! Humu kila kitu kitaanikwa mpaka mwisho wa hadithi, kwa hiyo asiyeiona na anataka utamu wake, arudi baadaye.

Kwa wanaohitaji kukumbushwa: mwaka ni 1964, mji wa Erie, Pennsylvania. Vijana wana bendi ya mtaani. Mpiga dramu wao anavunjika mkono akiruka vile vyuma vya kulipia maegesho, ujinga mtupu, ndipo wanamfuata Guy Patterson, kijana anayeuza friji na redio kwenye duka la baba yake. Wana wimbo mmoja wa maana, wa taratibu, wa kubembeleza. Siku ya mashindano ya vipaji chuoni, Guy anahesabu na kuanza kwa kasi ambayo hawakukubaliana. Jimmy, mtunzi na mwimbaji, anamgeukia apunguze. Hapunguzi. Ukumbi unainuka kucheza. Baada ya hapo ni redio, kampuni ya Play-Tone, ziara kwenye maonyesho ya majimbo, Hollywood, televisheni ya taifa zima, na miezi michache tu mbele bendi haipo tena.

Watu wengi huiweka kwenye fungu la muvi za kuchekesha vijana, za kutazama ukiwa unakunja nguo. Mimi nasema ni katika muvi chache zinazoonyesha bila kudanganya kibao cha pop kinavyozaliwa, na nani anabaki na nini kikishazaliwa. Kwenye hadithi mtunzi ni Jimmy. Sawa. Lakini wimbo alioutunga Jimmy, ule wa taratibu, hakuna aliyewahi kuununua. Kilichonunuliwa ni mwendo wa Guy. Na Guy muvi nzima hadai kitu.

Sasa hamia nje ya skrini, mambo yanajirudia. Wimbo wenyewe uliandikwa na Adam Schlesinger, mpiga besi wa Fountains of Wayne, bendi iliyokuwa ndiyo kwanza inatoa albamu yake ya kwanza mwaka huohuo wa 1996. Sauti kuu unayoisikia ni ya Mike Viola. Uso unaouona ni wa Johnathon Schaech. Mmoja katunga, mwingine kaimba, wa tatu kapendwa na wasichana. Ulifika nafasi ya 41 kwenye chati ya Billboard Hot 100, yaani hatua moja tu nje ya arobaini bora, na ukapendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya wimbo bora, ukapigwa na wimbo wa muvi ya Evita. Schlesinger alifariki Aprili 1, 2020 kwa Corona, akiwa na miaka 52.

Nawasilisha. Karibuni tubishane.

Mpiga Fimbo Mbili

Mkuu, nimeingia mbio kama moto. Mimi napiga dramu kwenye bendi ya hotelini, kwa hiyo hapa umenigusa kwenye mshono.

Jukwaani mwimbaji anaweza kugombana na gitaa, anaweza kugombana na besi, na watu wasijue. Hawezi kugombana na dramu. Dramu ikishahesabu nne, wimbo umeondoka, na wewe ama unapanda ama unaachwa. Ndiyo maana ile sura ya Jimmy pale chuoni ni ya kweli kabisa. Ana chaguo mbili: asimamishe wimbo mbele ya watu aonekane hajui kazi, au aimbe harakaharaka akiwa amekunja uso. Akachagua la pili, na wasichana wakadhani ile hasira ni mapenzi.

Kingine ambacho wengi wanakipita: Guy hakukurupuka. Muvi inaanza kwa kumwonyesha usiku akibaki peke yake dukani baada ya kufunga, kule chini, anapiga dramu juu ya santuri za jazi za Del Paxton. Mtu aliyezoea jazi ukimpa wimbo wa kubembeleza mikono inamwasha. Kwa hiyo ule mwendo ulikuwa umeshakaa mwilini, ulikuwa unasubiri siku yake tu.

Halafu sifa kwa Hanks kuhusu hili: wale waigizaji walifundishwa vyombo na wakafanya mazoezi kama bendi kabla ya kupiga picha. Tom Everett Scott, anayemwigiza Guy, anapopiga, mkono unashuka pale sauti inapotoka. Nenda katazame muvi nyingine za bendi uone watu wanavyopapasa vyombo.

Shemeji Mkorofi

Mnamwonea Jimmy bure.

Jimmy ndiye msanii peke yake mle ndani. Lenny, mpiga gitaa, anataka wasichana na bia. Mpiga besi anasubiri kwenda jeshini, kashajiandikisha Marine, muziki kwake ni likizo. Guy anataka kukutana na Del Paxton na amkimbie baba yake. Mtu pekee anayeamka asubuhi akiwaza wimbo unaofuata ni Jimmy, na hicho ndicho anachokataliwa. Bwana White wa Play-Tone anampa orodha ya nyimbo ambazo kampuni tayari inazimiliki, anamwambia warekodi hizo na wachanganye kidogo na za kwao, tena ziwe za kuchangamsha. Jimmy anakwenda kwenye maikrofoni ya studio anaimba kwamba anaacha kazi, anatoka. Nyie mnamwita mwenye kiburi. Mimi namwita mfanyakazi aliyesoma mkataba, kachelewa tu kuusoma.

Na kumbukeni yale maandishi ya mwisho. Jimmy alirudi Play-Tone na bendi nyingine, akapata santuri za dhahabu, akawa prodyuza. Yaani alikuwa sahihi kuhusu kipaji chake.

Kasiki la Santuri

Shemeji, hapo umenibana vizuri. Ila huyohuyo mfanyakazi aliyesoma mkataba, alirudi kwa tajiri yuleyule. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu mlango ulikuwa mmoja.

Na kuhusu mikataba, mbona hakuna anayemtaja Phil Horace? Wa kwanza kuwasainisha si Bwana White, ni yule mzee mwenye gari kubwa la kulala. Lenny anaomba kalamu kwa sababu mtu mwenye gari zuri kama lile anataka kuwaweka redioni. Hiyo ndiyo sababu nzima. Mwanasheria wao ni gari. Nilicheka, halafu nikakumbuka wasanii wetu ninaowajua ambao walisaini kwa kupewa simu.

Bint Chumbageni

Jamani wanaume mmeshajaza ukurasa na Faye, mpenzi wa Jimmy, hajatajwa hata kwa herufi moja. Ngoja nimsemee.

Nani anasikia wimbo redioni wa kwanza? Faye. Yuko barabarani, kijiredio kidogo, kidude sikioni, anaenda zake posta. Wimbo unaanza. Anapiga kelele, anakimbia, anakutana na mpiga besi wanakimbia wote, wanaingia dukani kwa kina Patterson, Guy anawasha redio zote zilizomo, Lenny na Jimmy wanafika wakihema, wanarukaruka kati ya mashine za kufulia. Sijaona kwenye muvi yoyote furaha ya namna ile ikaigizwa bila kunitia aibu. Hakuna maneno ya hekima, hakuna machozi. Ni watoto wanapiga kelele dukani.

Halafu angalia alivyolipwa. Ziarani anapewa kazi ya mavazi ili apate kisingizio cha kuwemo. Anapiga pasi, anabeba suti nyekundu. Na siku ya siku, kwenye lile onyesho la televisheni, kamera inapita kwa kila kijana na jina lake linaandikwa chini. Kwa Jimmy wanaongeza onyo kwa wasichana kwamba kaka ana mchumba. Jimmy akitoka jukwaani anawaka: nani kawaambia nina mchumba? Mbele ya huyohuyo Faye! Alikuwa mgonjwa tena, na homa. Maneno aliyomjibu Jimmy kuhusu mabusu aliyoyapoteza kwake ni bora kuliko mashairi yote ya wimbo wao.

Liv Tyler, anayemwigiza Faye, ni binti wa Steven Tyler, mwimbaji wa bendi ya Aerosmith. Amekua anajua maisha ya kusubiri nyuma ya jukwaa yakoje.

Kwa hiyo swali lako la nani mwenye wimbo, kaka Kasiki, liongeze na hili: nani mwenye bendi? Mimi nasema bendi ilikufa pale Faye alipovua koti la kazi. Studio ilikuwa mazishi tu.

Mpiga Fimbo Mbili

Dada umemaliza. Nyongeza moja: Guy ndiye aliyemjali alipoumwa. Tulioitazama mara ya pili tunaona kwamba mapenzi yao yanaanza mapema sana, mkurugenzi kayaficha kwenye vitu vidogo.

Jirani wa Kaloleni

Wasee wa Bongo, habari zenu. Nawasoma kutoka Nairobi. Huu uzi ni mtamu, wacha niongeze la kwetu kwa sababu linahusu swali lenyewe kabisa.

Miaka hiyohiyo ya muvi hii, Nairobi kulikuwa na Equator Sound Studios ya Charles Worrod, na bendi yake ya studio, Equator Sound Band. Mle kulikuwa na Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Twist ya Kenya ilipikwa pale. Tajiri ana studio, ana lebo, ana bendi, wanamuziki wanakuja kazini. Ukimwona Bwana White na msururu wake wa waimbaji wa Play-Tone, umeshaona mpango wenyewe ulivyokuwa.

Sasa sikizeni. Januari 1962 kampuni ya santuri ya Decca kule London ilisikiliza bendi mbili siku moja na kuchagua moja. Waliokataliwa ni Beatles. Waliochukuliwa ni Brian Poole na Tremeloes. Miaka sita baadaye, 1968, haohao Tremeloes, wakiwa wameshaachana na Brian Poole, waliingia kwenye chati za Uingereza na wimbo unaitwa Helule Helule. Ni wa nani? Wa Daudi Kabaka wetu! Kijana wa Kiingereza aliyeucheza kwenye dansi mwaka ule alikuwa anarukia ngoma ya Nairobi, na sidhani kama alijua.

Na Malaika je? Fadhili William ndiye aliyeupa ulimwengu kwa kuurekodi, lakini mpaka leo watu wa Kenya na Tanzania wanabishana ni nani hasa aliyeutunga, na jina la Adam Salim haliishi kutajwa. Miriam Makeba kauimba, Boney M kauimba. Kwa hiyo Kasiki, ukiuliza wimbo ni wa mtunzi au wa aliyeukimbiza, huku kwetu tuna kesi ambayo haijafungwa.

Shemeji Mkorofi

Jirani, hiyo ya Decca na Helule imeniacha mdomo wazi. Lakini inanisaidia mimi. Umeona? Bila mtunzi, mkimbizaji anakimbiza nini?

Kasiki la Santuri

Na bila mkimbizaji, mtunzi anamwimbia mama yake sebuleni. Tutakesha.

Babu wa Majestiki

Wajukuu, marahaba kwa wote mliotaka kuniamkia mkasahau.

Mnazungumzia muvi ya 1996 inayojifanya ya 1964. Mimi nataka mtazame ya 1964 yenyewe, A Hard Day's Night, ya Richard Lester, Beatles wakijiigiza. Nyeusi na nyeupe, ya bei ndogo, imepigwa haraka kuanzia Machi ikaonyeshwa Julai mwaka uleule. United Artists walichokuwa wanakitaka hasa ni albamu ya nyimbo za muvi, filamu yenyewe ilikuwa njia ya kuipata. Hawakujua wanapata kitu ambacho watu watakisoma vyuoni. Alun Owen, aliyeandika mazungumzo, alipendekezwa kwa Oscar. Wanakimbizwa na wasichana tangu picha ya kwanza, wanapanda treni, wanafungiwa kwenye vyumba, wanaambiwa na kila mtu la kufanya. Katikati ya muvi wanatoroka kwa ngazi ya nje na kurukaruka uwanjani. Ni kichekesho, lakini ukikitazama vizuri ni kisa cha wafungwa wanne wenye nywele nzuri.

Hanks alikisoma kisa hicho akakigeuza upande wa pili: je, wale bendi nyingine mamia waliovaa suti zilezile, waliotaka kuwa Beatles, iliwapata nini? Maana hesabu ya mwaka ule ilikuwa ya kutisha. Februari 9 Beatles wako kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, watu milioni 73 wanatazama. Aprili 4 nafasi zote tano za juu za Billboard ni zao, kuanzia ya kwanza hadi ya tano. Bendi ya Erie inabaki kugombea makombo, na makombo yenyewe yalikuwa matamu kiasi cha kumlevya kijana wa miaka ishirini.

Kwa hiyo mimi sina upande kwenye ubishi wenu. Aliyekuwa na wimbo ule ni mwaka 1964. Guy angekimbiza mwendo uleule 1961 wangemwambia atulie. Angeukimbiza 1968 wangemwona mtoto.

Bint Chumbageni

Shikamoo babu. Hapo umetuweka chini wote.

Ughaibuni Ontario

Naongeza vitu vidogo kwa wanaopenda vya pembeni.

Angalia majina ya ukoo: Jimmy anaitwa Mattingly, Lenny anaitwa Haise. Hayo ni majina ya wanaanga wa Apollo 13, na Hanks alikuwa ametoka kuigiza Apollo 13 mwaka mmoja kabla. Kwenye lile onyesho la televisheni mgeni mwingine ni mwanaanga Gus Grissom, anaigizwa na Bryan Cranston, miaka mingi kabla dunia haijamjua kwa mambo mengine. Charlize Theron yupo, ndiye Tina, mpenzi wa Guy anayemwacha kwa daktari wa meno. Mjomba Bob anayewarekodia santuri ya kwanza kanisani ni Chris Isaak, mwimbaji. Mkurugenzi wa ile muvi ya ufukweni wanayoigiza ndani ya muvi ni Jonathan Demme, aliyemwongoza Hanks kwenye Philadelphia. Erie yenyewe unayoiona si Erie, ni mji wa Orange, California. Na jina Play-Tone lilimkaa Hanks mpaka akaja kuanzisha kampuni ya kweli ya utayarishaji kwa jina hilo.

Lakini kilichonishangaza mimi ni nyimbo za wengine. Ziarani kuna kundi la akina dada, kuna kaka wa kubembeleza, kuna mama wa sauti nzito, kuna bendi ya magitaa ya ufukweni. Karibu kila wimbo umetungwa upya kwa ajili ya muvi, na kila mmoja umevaa nguo za aina yake ya mwaka ule. Mtu asiyejua anaweza kuapa kwamba aliwahi kuusikia kwa shangazi yake. Kazi ile ni ngumu kuliko kununua zilipendwa na kuzipachika.

Mpiga Fimbo Mbili

Na hapo ndipo ulipo ujanja mwingine. Wimbo mkuu unapigwa muvi nzima, sijui mara ngapi, na hauchoshi. Kwa nini? Kwa sababu kila mara uko mahali pengine. Chuoni unayumba. Kwenye mgahawa wa piza umeanza kukaa. Pittsburgh vyombo vinawasaliti na wanaaibika. Ziarani unakuwa wa kitaalamu, kila mtu anajua asimame wapi. Kwenye televisheni hauna kosa hata moja, na ndiyo mara ya mwisho. Sikilizeni kwa masikio ya fundi: ule wa mwisho ni safi kuliko wote, na wa chuoni ndio unaotaka kuusikia tena.

Shemeji Mkorofi

Sawa, nakubali nusu. Lakini kuna mtu mmoja mnamwacha apite bila kukaguliwa: Bwana White. Hanks kajipa nafasi tamu, anaongea kwa upole, amevaa vizuri, anampa Guy miwani ya jua na kumwambia asiivue. Anarekebisha jina la bendi. Kila anachosema ni sahihi. Na bendi ikishasambaratika anamweleza Guy kwa utulivu kwamba haya ni ya kawaida, bendi za kibao kimoja zipo tele. Bila shaka ni ya kawaida! Kwake yeye. Kibao kimeuzwa, hela imeingia, waimbaji wengine wapo kwenye foleni. Muvi inatutaka tumpende, nami nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kasiki la Santuri

Hapo tuko pamoja kabisa, Shemeji. Upole wake ndio ukweli wa muvi. Angemfanya mwizi mwenye sigara na pete kubwa, tungetoka tumetulia kwamba tatizo ni watu wabaya. White si mbaya. Anafanya kazi yake vizuri kuliko wote, na mkataba unafanya kilichobaki.

Ila mumpe Guy haki yake pia. Baada ya wote kuondoka anabaki studio peke yake, anapiga, na nani anaingia? Del Paxton, Bill Cobbs yule, marehemu sasa. Anakaa kwenye piano wanapiga pamoja, bila karatasi, bila hesabu ya chati. Kijana wa chini ya duka anapiga na mtu wa kwenye santuri. Huo wimbo hauna mtunzi wala mkimbizaji, na hauuzwi.

Jirani wa Kaloleni

Kali sana hiyo. Wueh. Sasa swali la maana: kuna toleo la kutafsiriwa? Nataka kusikia DJ Afro, yule mtangaza muvi wetu, akimtangaza Jimmy akitoka studio kwa hasira.

Bint Chumbageni

DJ Afro akifika pale kwenye homa ya Faye angempa Jimmy kichapo ambacho hakipo kwenye muvi.

Mgeni_2019

Wakuu naomba msaada. Nimekuta matoleo mawili, moja la dakika 108 na jingine linakaribia saa mbili na nusu. Nitazame lipi?

Ughaibuni Ontario

Anza na fupi, ndugu. Lile refu lilitoka kwenye DVD mwaka 2007, lina karibu dakika 40 zaidi, Tina na daktari wake wa meno wanapata nafasi kubwa, na maisha ya Bwana White yanafunguliwa kidogo. Ni zuri kwa aliyekwisha kuipenda.

Mpiga Fimbo Mbili

Naunga mkono. Refu lina vitu vizuri lakini mwendo umepungua.

Shemeji Mkorofi

Jimmy angelipenda.